Redio ya Jikoni: Majira ya Baridi Katika Kijiji cha Ireland



Mwezi wa Januari mwaka 2025, wakati huku kwetu upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma na joto likiwatoa watu barazani, Allah Mtukufu alituandikia safari ya kwenda mahali ambapo hatukuwahi kudhani kwamba mguu wetu utakanyaga. Ni kijiji kimoja cha jimbo la Mayo, magharibi mwa Ireland. Binti wa dada yetu ni muuguzi huko, katika nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa ametoka kujifungua mtoto wake wa tatu. Mama yake alizuiliwa na maradhi ya magoti, basi ikatulazimu sisi na mama wa watoto wetu tushike njia kwenda kumuuguza mzazi na kumlea kichanga.

Tulifika katika wiki ya pili ya mwezi huo, na barafu ilikuwa imeganda juu ya nyasi kama chumvi iliyomwagwa. Nyumba za kijiji hicho hazikusanyiki pamoja kama za mitaa yetu. Kila moja imesimama peke yake katikati ya makonde yaliyozungushiwa kuta za mawe yasiyo na saruji, na kutoka mlango hadi mlango ni mwendo wa dakika tano au kumi. Kondoo wanakuona kabla ya mtu hajakuona. Jua lilichomoza saa tatu kasorobo za asubuhi na kutua saa kumi na nusu za jioni. Adhuhuri iliingia karibu na saa saba, alasiri saa nane na nusu hivi, na magharibi ikatukuta chai ya alasiri haijapoa. Kisha likaja giza refu la saa kumi na sita. Tulimuuliza mpwa wetu: watu wa hapa wanajuana vipi, na mlango haufunguki ila kwa haja, na mtu hamwoni jirani yake siku tatu?

Hakujibu. Asubuhi ya pili, tulipokuwa tukinywa chai jikoni, aliinua kidole akatuashiria tunyamaze. Juu ya rafu, kando ya birika, palikuwa na redio ndogo. Mwanamke alikuwa akisoma majina kwa sauti ya utulivu, bila haraka na bila muziki nyuma yake. Jina la mtu, jina la kitongoji alichokaa, jina la ukoo alikozaliwa kama ni mke aliyeolewa, nyumba atakamolazwa ili majirani wapite kumuaga, saa ya ibada kanisani, na makaburi atakamozikwa. Akimaliza mmoja, anatua kidogo, kisha anaingia kwa mwingine.

"Niwie radhi, mjomba," alisema mpwa wetu yalipokwisha. "Hizo ni tanzia. Zikisomwa, huku hakuna anayezungumza."

Tukashangaa, kwani yeye ni mgeni katika nchi ile, na wale waliotajwa si wa dini yake wala wa damu yake. Akatueleza kwamba kazini kwake anawahudumia wazee hao hao, na kwamba mara mbili amepata kusikia redioni jina la mtu aliyemlisha uji kwa mkono wake. "Nisiposikiliza," alisema, "nitakutana na mtoto wa marehemu dukani nimcheke usoni, nami sijui kwamba kafiwa."

Maneno hayo yalitugusa kuliko alivyojua, na sababu yake tutaieleza mbele, inshaallah.

Wasomaji wetu, nchi ile ina historia ndefu na redio kuliko wengi wetu tunavyodhani. Magharibi kabisa mwa Ireland, karibu na mji wa Clifden katika nyika za Connemara, ndipo Marconi, Mtaliano ambaye mama yake alikuwa mtu wa Ireland, alipojenga kituo chake cha kupeleka ujumbe bila waya kuvuka bahari ya Atlantiki. Huduma hiyo ilifunguliwa kwa biashara mwezi Oktoba mwaka 1907. Mitambo yake ilipata nguvu kwa kuchoma udongo mweusi wa kinamasi, ambao wenyeji huukata kama matofali, wakauanika juani wakati wa kiangazi, kisha wakautia jikoni wakati wa baridi. Udongo ule ule uliompikia mkulima viazi ndio uliopeleka habari Amerika.

Redio ya taifa ilianza Dublin tarehe 1 Januari 1926. Mpaka leo redio hiyo hupiga kengele ya ibada ya Wakatoliki saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, desturi iliyoanza mwaka 1950, na sisi tuliokulia chini ya mnara wa msikiti hatukushangaa kwamba watu wanapenda siku yao igawanywe kwa mwito wa ibada. Lakini redio ya mji mkuu husema na taifa zima. Haiwezi kukwambia kwamba ng'ombe wa fulani ametoroka. Kwa hiyo watu wa mashambani wakawa na kiu ya sauti yao. Wale wanaosema Kiairishi, lugha ya asili ya nchi ile ambayo Kiingereza kimeisukuma hadi ukingoni mwa bahari, walipiga kelele mpaka mwaka 1972 ikafunguliwa Raidió na Gaeltachta, yenye makao yake Casla huko Connemara. Ni redio ya lugha hiyo, na mzee wa pwani ile husikia habari za dunia na za kijiji chake kwa ulimi aliozaliwa nao. Sisi wenye Kiamu, Kimvita na Kibajuni tunajua thamani ya jambo hilo.

Zikafuata redio za majimbo. Kwa miaka mingi watu walirusha matangazo bila leseni, mpaka sheria ya mwaka 1988 ilipofungua mlango, na mwaka uliofuata redio nyingi za wenyeji zikaanza kazi kihalali. Mojawapo ni Midwest Radio, iliyoko katika mji mdogo wa Ballyhaunis. Na mbali na hizo za biashara ziko redio za jamii zenyewe, ndogo zaidi, kama ile ya Connemara iliyoko Letterfrack, ambazo zinategemea watu wa kujitolea. Anayesoma habari asubuhi huenda ndiye mwalimu wa shule au mke wa mfugaji, na akitoka kwenye kipaza sauti anakwenda kukama.

Ballyhaunis ina habari nyingine itakayowafurahisha. Mji huo wenye watu wasiofika 3,000 una msikiti uliojengwa mwaka 1987, miongoni mwa misikiti ya kwanza nchini humo kujengwa tangu msingi kuwa msikiti. Sababu yake ni nyama. Mfanyabiashara wa asili ya Pakistan alifungua hapo kiwanda cha nyama ya halali, wachinjaji Waislamu wakaletwa na ahli zao, na palipo na familia pakahitajika mahali pa kusujudu. Leo Waislamu wa Ireland nzima wamepita 80,000, lakini mji ule wa mashambani uliwatangulia wengi. Tulisali hapo Ijumaa yetu ya kwanza, bega kwa bega na Wapakistani na Waarabu, na khutba ilikuwa fupi kama mchana wenyewe.

Basi tukaanza kusikiliza. Jirani wa karibu wa mpwa wetu ni bibi mjane aliyepita miaka themanini, akaaye peke yake ng'ambo ya konde, na redio yake haizimwi tangu alfajiri hadi usiku. Mama wa watoto wetu alikuwa akimpelekea mkate wa mofa, naye humrudishia mayai, na kila tulipokwenda alituketisha karibu na jiko akatutafsiria yale tusiyoyafahamu. Kwa njia hiyo tulijifunza mpangilio wa siku.

Asubuhi husomwa habari za baridi. Barabara gani imeganda, wapi magari ya chumvi yamepita na wapi hayakupita, shule gani imefungwa kwa kuwa mabomba yamepasuka, mchezo gani umeahirishwa kwa sababu uwanja ni mgumu kama sakafu. Kisha tanzia, ambazo hurudiwa tena kwa nyakati maalumu, ili aliyekuwa zizini asikose. Baadaye hutangazwa bei za mnadani: ng'ombe wa uzito kadha, kondoo mwenye mimba, ndama wa miezi sita. Mchana watu hupiga simu. Mmoja ameokota mbwa, mwingine anatafuta mtu wa kumkatia uzio, wa tatu anamtumia salamu nyanya yake anayetimiza miaka tisini. Jioni ni fidla na zumari, na mazungumzo ya mpira.

Mpira wenyewe una kisa. Ule si mpira tuujuao, ni mchezo wao wa asili unaochezwa kwa mikono na miguu. Jimbo la Mayo lilitwaa ubingwa wa Ireland mwaka 1951, na tangu hapo limefika fainali mara nyingi na kila mara limerudi mikono mitupu. Bibi alitusimulia kwa nini, huku akitabasamu. Inasemekana kwamba mabingwa wale wa 1951, walipokuwa wakirudi kwa shangwe juu ya gari, walipita katika mji wa Foxford penye mazishi, wala hawakunyamaza kuyapa heshima. Padri akawaapiza kwamba Mayo haitashinda tena mpaka wafe wote. Wanaochunguza mambo wanasema kisa hicho hakina ushahidi, na sisi Waislamu tunajua kwamba ushindi na ushinde viko mikononi mwa Allah, si katika ulimi wa kiumbe. Lakini hebu tazameni, watu walipotafuta sababu ya msiba wao wa miaka sabini, kosa kubwa waliloweza kulifikiria ni kulipita jeneza bila adabu. Tukamweleza bibi kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alisimama jeneza lilipopita, na alipoambiwa kwamba ni la Yahudi, aliuliza kama huyo naye hakuwa nafsi. Bibi alinyamaza kidogo, akasema kwamba mtu huyo angejua kuishi Mayo.

Ikaingia wiki ya nne ya Januari. Kuanzia Jumatano redio ilibadilika sauti. Idara ya hali ya hewa ya Ireland hutoa maonyo kwa rangi tatu, njano, chungwa na nyekundu, na dhoruba kubwa hupewa majina kwa mfuatano wa alfabeti tangu Septemba. Hii ilikuwa ya tano, nayo iliitwa Éowyn. Hata hivyo nyekundu ni rangi adimu, na safari hii kisiwa kizima kiliwekwa chini yake. Watangazaji hawakupiga kelele. Walirudia yale yale kwa upole: jazeni maji, chajini simu, fungeni mifugo, msitoke, na kabla ya giza, piteni mlangoni kwa jirani aliye peke yake. Tangazo hilo la mwisho tulilihesabu mara saba katika siku moja. Mume wa mpwa wetu alikwenda kwa bibi akamwingizia udongo wa kuchoma hadi karibu na jiko, naye akamuuliza kama nyumba yetu ina betri. Tulikuwa nazo za tochi. Hatukuwa na redio ya betri, kwani ile ya rafuni ilitegemea umeme, na hilo hatukulifikiria.

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 24, upepo ulianza kama gari moshi lisilofika. Katika kituo cha Mace Head, pwani ya Galway, ulipimwa mpigo wa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, ukaivunja rekodi ya Ireland iliyosimama tangu Januari 1945. Sisi tuliisikia paa ikilia. Umeme ulikatika kabla ya alfajiri, na pamoja nao ukakatika moto wa nyumba, kwa maana maji ya moto yanayozunguka ukutani husukumwa na pampu ya umeme. Maji ya bomba nayo yakapungua mpaka yakakatika, na kufikia saa mbili simu zote zilikuwa zimekufa mtandao. Kichanga kilikuwa na wiki tano. Mama wa watoto wetu alikifunga kifuani mwake ndani ya kanga mbili na blanketi, akaketi kitandani, nasi tukawa tunamsomea ayatul-kursiyyu na kutazama dirisha lisipasuke. Hatukujua upepo utakwisha lini. Hatukujua barabara ya hospitali iko wazi au imefungwa. Watu wazima wanne, wenye elimu na simu za thamani, tulikuwa tumekaa gizani kama walio chini ya kisima.

Karibu na saa sita mchana upepo ulipungua, tukavuka konde. Miti miwili ya bibi ilikuwa imelala juu ya ukuta. Tulimkuta jikoni, jiko linawaka, birika linaimba, na juu ya dirisha ile redio yake ndogo ya betri inasema. Ndipo tulipojua tulipo. Nyumba, mashamba na biashara 768,000 hazikuwa na umeme. Barabara kuu ilikuwa imezibwa na miti sehemu tatu, lakini ile ya upande wa kaskazini inapitika. Kesho yake redio hiyo ikatwambia kwamba ukumbi wa jamii katika mji wa jirani umefunguliwa, una jenereta, maji ya moto na mahali pa kuchajia simu. Wapo waliokaa zaidi ya wiki mbili bila umeme katika majimbo yale ya magharibi, na sisi tulikaa siku nane. Siku zote hizo mtoto alilala jikoni kwa bibi, katika kikapu kilichowekwa juu ya viti viwili karibu na jiko.

Ijumaa hiyo hatukwenda msikitini. Tulikumbuka kwamba dini yetu ililijua jambo hili kabla ya rangi nyekundu. Usiku wa baridi na upepo, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwamrisha mwadhini awatangazie watu wasali mahali walipo, na Ibn Abbas (R.A.) alimwamrisha mwadhini vivyo hivyo siku ya Ijumaa yenye mvua na matope. Tulimwomba bibi ruhusa tusali adhuhuri katika pembe ya jiko lake. Alisogeza meza, akaipunguza sauti redio, lakini hakuizima. Baadaye alituomba radhi kwa hilo. Alisema aliogopa zisomwe tanzia zikampita.

Wiki moja baadaye ilisomwa tanzia tuliyoihusu. Mzee mmoja wa Kiislamu, mhamiaji aliyefanya kazi miaka mingi katika mji huo, alirejea kwa Mola wake. Tulikuwa jikoni kwa bibi. Mtangazaji alisoma majina ya Kiairishi mawili, akatua, kisha akasoma jina la yule mzee. Alilisoma polepole, jina lake, la babake na la ukoo wake. Hakuifikia 'ain, wala hatukumtarajia aifikie, lakini kila silabi aliipa haki yake. Akataja mtaa aliokaa, akataja kwamba swala ya jeneza itakuwa msikitini baada ya adhuhuri, na kwamba familia inawakaribisha majirani. Mtoto wa marehemu alituhadithia baadaye kwamba mtangazaji yule alimpigia simu mara mbili, kumuuliza jina la baba yake linatamkwaje, na kama kuna neno lolote la kawaida katika tanzia zao ambalo kwa Waislamu lisingefaa.

Na watu walikuja. Wachinjaji wenzake wa zamani, mwenye duka, wakulima waliovua kofia mlangoni wakiwa wamesimama chini ya manyunyu ya baridi mpaka swala ikamalizika. Kila mmoja alimpa mkono mwana wa marehemu, akasema neno moja lenye maana ya pole yetu, akapita. Wanawake walileta mikate na vyungu vya supu ya mboga, na walikuwa wameulizana kabla juu ya nyama. Tukakumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha watu wa Ja'far wapikiwe chakula walipofikwa na msiba. Bibi alikuja kwa gari la mpwa wetu, akamuuliza wanawake wanakaa upande gani, akaketi huko na mkoba wake mapajani. Hakuwahi kumjua marehemu. "Nilisikia jina lake," alisema.

Sasa tuitimize ahadi, tueleze kwa nini maneno ya mpwa wetu yalituchoma siku ile ya kwanza. Miezi michache kabla ya safari, katika mtaa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, alifariki mama mmoja mtu mzima, msomi wa Qur'ani, ambaye wengi mlisoma kwake. Tangazo tuliliandika sisi wenyewe. Tulilituma katika makundi ya simu, likasambaa Mombasa nzima, Lamu, Malindi, Muscat na London kabla ya maiti kuoshwa, na msikitini likatangazwa kwa kipaza sauti. Tukaona tumetimiza wajibu. Siku ya nne alitujia kijana mmoja na bibi yake, aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu utotoni. Walicheza kombolela pamoja, waliolewa mwaka mmoja. Bibi huyo alikuwa amehamia Kisauni kwa mwanawe, ambako kipaza sauti chetu hakifiki, wala hana simu ila ile ya kubofya. Kila aliyekuwa na simu nyumbani mle alidhani mwingine amekwisha kumwambia. Matanga yalikuwa yamekwisha. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Sheikh, mlimzika upande gani?" Hatukupata jibu la kumpa zaidi ya kumwonyesha kaburi.

Wasomaji wetu, hatusemi kwamba watu wa Ireland ni bora kuliko sisi. Nao wana simu, na tanzia zao nazo zimo katika intaneti, na bibi alitwambia kwamba vijana wengi huzisomea huko. Lakini hawakuitupa ile njia ya zamani kwa kuwa imekuja mpya. Wanajua kwamba aliye na haja kubwa zaidi ya habari ndiye aliye mbali nayo zaidi: mjane, kipofu, mgonjwa wa kitandani, mama anayenyonyesha gizani mtandao ukiwa umekufa. Simu humfikia anayetafuta habari. Redio ya jikoni humfikia hata aliyekuwa akimenya viazi.

Tuliporudi mwezi wa Februari tuliketi na wenzetu wa msikiti. Tumekubaliana mambo matatu, nayo ni madogo. Kwanza, kila tanzia ya mtaa wetu ipelekwe pia katika redio zetu za hapa Mombasa, nao watangazaji tumewakuta wakunjufu. Pili, tumeandika orodha ya wazee wetu waliohamia Kisauni, Likoni na Changamwe, na kila mmoja ana kijana wa madrasa aliyekabidhiwa kumpigia simu au kumwendea. Tatu, tumewaomba akina mama, ambao ndio wajuao nani ni rafiki wa nani, waitazame orodha hiyo na kuisahihisha. Wametuongezea majina kumi na tisa ambayo sisi wanaume hatukuyakumbuka.

La kwanza katika orodha ni jina la yule bibi wa Kisauni. Tulimpelekea redio ndogo, ya betri, na betri za akiba. Mwenyewe alituambia kwamba huisikiliza asubuhi kwa mawaidha na jioni kwa tanzia, na kwamba amewakataza wajukuu wasizungumze wakati huo.

Twamuomba Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, ampe afya kichanga chetu kilicholelewa juu ya viti viwili, amlipe kheri jirani yule kwa moto wake na amwongoze katika lililo bora, na atujaalie sisi tuwe katika wanaotimiza haki ya jirani, aliye hai na aliyekufa. Amin.

Wabillahi tawfiq.